Sauti ya Bati

Mtu akipoteza sauti, watu humsemesha polepole na kwa makelele, kana kwamba amepoteza na masikio. Nimeishi na upuuzi huo tangu mwaka tisini na sita, daktari wa hospitali ya Marquette aliponikata zoloto pamoja na uvimbe wake, akaniachia tundu la kupumulia chini ya shingo na kuniambia nina bahati. Nilikuwa dereva wa greda la theluji la kaunti, nikaendelea kuendesha greda. Theluji haitaki kuzungumza na mtu.

Kile kidude cha kubandika shingoni kikutetemeshee maneno hakikunifaa, maana mionzi iliniacha na koo gumu kama soli ya kiatu. Wakanipa kompyuta mpakato yenye programu ya kusema. Unaandika, unabonyeza, inakusemea. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamume aliyefungiwa ndani ya debe: haipandi, haishuki, na kila "s" inakwaruza. Siku ya kwanza Ardis, mke wangu, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Nikaandika, "Unanicheka?" Ile sauti ikauliza bila hasira yoyote, na hapo ndipo alipozidiwa kabisa, akawa anapiga zulia kwa kiganja huku machozi yanamtoka.

Baadaye aliizoea. Akawa ananijibu kutoka jikoni bila kugeuka, kama mke yeyote anavyomjibu mume yeyote. Tuligombana kwa sauti ile na kupatana kwa sauti ile. Niliwashukuru wageni kwa sauti ile siku ya harusi ya binti yetu Renee, kanisa zima la Kilutheri limenyamaza kama maji mtungini. Hospitali ilipotaka kunibadilishia mashine nilikataa. Betri ilikufa kitambo, nikawa natembea na waya wa umeme mkononi, nikiingia nyumba ya mtu naangaza macho ukutani kutafuta soketi kabla sijasalimia. Renee aliona aibu. Ardis hakuona. Alikuwa ananitafutia soketi yeye mwenyewe.

Halafu akaanza kusahau. Kwanza ilikuwa jiko, kisha majina, kisha njia ya kutoka dukani hadi nyumbani, hapa Calumet, mji ambao hata kuku hapotei. Sasa anaishi kwenye nyumba ya wazee nyuma ya hospitali, na mimi nakwenda kila asubuhi. Mwaka jana, majani yalipokuwa yanaanguka, nilikuwa nikiingia chumbani mwake hanyanyui hata macho. Nachomeka waya, nasubiri mashine iamke, naandika salamu. Sauti ikitoka tu, kichwa kinainuka. "Del," anasema, "umechelewa." Basi siku nzima inakuwa nyepesi kwangu.

Baada ya Krismasi ile mashine ilianza kulia tiki, tiki, tiki, kama jiko la gesi linalokataa kuwaka. Ikafa. Fundi wa mji wa Houghton aliifungua, akaniambia diski ya ndani imejikwaruza na hakuna kitu cha kuokoa.

Renee, anayeishi Arizona kwa kuwa aliapa hatashika tena koleo la theluji, alinitumia kishikwambi kipya chenye sauti mpya. Sauti nzuri sana. Ya kijana, laini, inavuta pumzi katikati ya sentensi na hata kucheka kidogo. Nilikipeleka kwa Ardis nikakiandikia, "Habari za asubuhi, mke wangu."

"Zima hiyo redio," akasema.

Nikaandika tena. Akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Huyo ni nani anayeongea? Na wewe ni nani? Mume wangu akija atakufukuza."

Nilikwenda hivyo wiki baada ya wiki, bila kusema kitu, maana kusema kulikuwa kunamtisha. Nilikaa kwenye kiti karibu na dirisha nikamwangalia. Nimewahi kukaa peke yangu ndani ya greda tangu alfajiri mpaka giza, dhoruba ya theluji kutoka ziwani imefunika barabara yote, na sikuwahi kujisikia mpweke kama nilivyojisikia kwenye kiti kile.

Renee hupiga simu kila Jumapili. Tangu sauti ife tulikubaliana: nikigonga simu mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Baba, umekula?"

Nikagonga mara moja. Nilikuwa nimekula pasti baridi, andazi la nyama na viazi, nimesimama kwenye sinki.

"Sikiliza, Baba. Sauti ni sauti tu. Mama ananisahau hata mimi niliyemtoka tumboni. Usijitese. Zoea hiyo mpya, pengine na yeye atazoea."

Nikagonga mara mbili, kwa nguvu.

"Ala! Usinipasue sikio."

Hakuelewa, na sikuwa na njia ya kumweleza kwa kugonga. Niliyemtaka ajulikane na Ardis alikuwa mimi. Sauti ile ya bati ndiyo ilikuwa kamba ya mwisho, na kila siku iliyopita bila yeye kuisikia, kamba ile ilikuwa inalegea. Ningengoja mpaka masika, pengine hata ningeipata asingeitambua tena.

Nikaenda kwa Gordy.

Gordy Tervo alikuwa fundi wa kompyuta wa shule za hapa mpaka alipostaafu. Alinunua nyumba yenye ghorofa ya chini ya ardhi, mkewe akaishi juu na yeye akaishi chini na mashine zake, mpaka siku moja mke akaamua kwenda kuishi juu zaidi, kaskazini kule Copper Harbor, na muuza samaki. Chini kule mna kompyuta zilizokufa nyingi kuliko marehemu wa makaburi ya Kilutheri. Gordy ana wenzake wa mtandaoni, wako Ohio, wako Saskatchewan, ambao kazi yao ni kusakinisha mifumo endeshi ya kale ndani ya kompyuta mpya, kwa raha zao tu. Ikiwaka, wanaonyeshana picha za skrini kama watu wengine wanavyoonyeshana wajukuu. Nilikuwa nikimcheka kwa hilo. Sasa nilisimama mlangoni kwake na sanduku la diski za programu yangu mkononi, nimelikumbatia kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa.

"Ingia, ingia, unanijazia baridi! Viatu hapo. Umebeba nini?"

Nikampa. Akafungua kifuniko, akatoa miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Mama yangu wee! Diski zenyewe, na lebo zake! Del, unajua watu wangapi wangenibusu kwa hizi?"

Natembea na kibao kidogo cha kuandikia kwa kalamu ya kufutika. Nikaandika: HAKUNA ANAYEKUBUSU.

"Ndiyo maana nimesema wangenibusu. Kaa. Kuna mkate wa nisu kwenye sahani, jikatie. Iliki nimeitia kwa mkono wangu."

Nikamwandikia nilichotaka: kompyuta ya zamani kama yangu, itakayoweza kuendesha programu ile.

"Hapana, hapana. Ya zamani itakufia tena mwezi ujao, utarudi kunililia. Sisi hatufanyi hivyo. Tunajenga kompyuta ndani ya kompyuta. Hii mpya inajifanya mashine ya mwaka tisini na tano: prosesa ya uongo, diski ya uongo, kadi ya sauti ya uongo. Mfumo wa zamani ukiamka mle ndani, unajikuta nyumbani kwake. Unatazama huku na huku, kila kitu kiko mahali pake. Haujui kama nje miaka imepita. Hauna hili wala lile."

Nikaandika: MFUMO UNADANGANYWA.

"Unadanganywa kwa mapenzi," Gordy akasema. "Kula nisu."

Alianza na diski zangu. Yeye na wenzake wana sheria yao: hawagusi kitu cha asili kabla hawajakinakili. Akawa anaingiza diski moja moja kwenye kisomeo, mashine inanguruma, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Diski ya mwisho ikagoma. Akaipuliza, akaigeuza, akaibembeleza kwa maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia mtu. Ikagoma. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi. Akainuka akaanza kufukua maboksi, kila alichotoa akakijaribu, kisomeo hiki, kisomeo kile, mpaka akaibuka na kimoja kilichogeuka rangi ya meno ya mvutaji.

"Diski hizi zina kiburi," akasema. "Kila kisomeo kina makengeza yake. Unatafuta mpaka umpate mwenye makengeza yanayofanana na ya aliyeziandika."

Chenye makengeza kikasoma. Nikapumua kupitia tundu langu kwa mluzi, Gordy akacheka.

Ndipo akaanzisha mfumo wenyewe, ule wa tisini na tano wenye picha ya mawingu ukiwaka. Dirisha likafunguka kwenye skrini yake pana, dogo kama stempu juu ya bahasha, na ndani yake kompyuta ambayo haikuwepo ikaanza kuhesabu kumbukumbu ambayo haikuwa nayo. Herufi nyeupe, kisha rangi ya buluu. Ikataka namba ndefu ya kibali. Gordy akaichapa bila kutazama popote.

UNAIJUA KWA KICHWA?

"Kuliko siku ya kuzaliwa ya mke wangu. Labda ndilo lililomkera."

Mfumo ukauliza jina la mtumiaji. Gordy akanisukumia kibodi. Nikaandika Delbert Ruona, na nikabaki nalitazama jina langu pale. Ni muda mrefu mashine haijaniuliza mimi ni nani kwa nia ya kutaka kujua.

Tukanywa kahawa huku mstari wa buluu unajivuta. Ukafika mwisho, mashine ikajizima na kujiwasha. Mawingu yakatokea. Nakiri nilisimama kitini. Kisha mawingu yakakatika, skrini nyeusi, mstari mmoja wa maneno ya kosa.

"Ah, wewe!" Gordy akaiambia. Akaanza upya. Mawingu, weusi, kosa. Akaanza upya tena. Akabadilisha hiki, akabadilisha kile, shingo ikamwiva. Kupitia kidirisha kilicho juu ukutani niliona greda likipita, taa ya njano ikizunguka, na dereva kijana ameinua bamba la kusukumia juu mno anaacha nusu ya theluji barabarani. Mchana ulikuwa unakwisha. Nilianza kuvaa koti.

"Unakwenda wapi?"

NIACHE TU, GORDY.

"Vua koti. Vua, nimesema! Wewe ulikuwa unaacha barabara nusu?" Akajikuna upara. Mara akajipiga paji la uso, pwaa. "Del, mimi ni mpumbavu. Mimi ni mpumbavu mwenye cheti! Nimeipa kila kitu. Kwa kuwa ni ya kwako, nikasema niitendee haki: prosesa nzima, kumbukumbu yote, kama naiandalia arusi. Hii ilizoea uji, mimi nimeijaza pilau la watu mia. Inaamka, inahesabu kumbukumbu, inafika mahali haijawahi kufika, inazimia."

Hili ni kosa ambalo wenzake wa Ohio wangemcheka nalo mwaka mzima, maana ndilo la kwanza wanalomwonya mgeni. Lakini wako hivyo watu wa aina yake: wakikupenda wanakuzidishia nguvu. Akainyang'anya kumbukumbu karibu yote. Akaitia prosesa breki mpaka ikawa inatambaa. Akaiwasha. Mawingu yakatokea, yakakaa, yakaniachia uwanja wa kijani-buluu na kikapu cha takataka kwenye kona, na kitufe kule chini kushoto kinachoningoja. Nilikijua kila kona kama chumba cha kulala. Nilitaka kusema neno, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sikuwa mbali na kuweza.

Programu ikaingia, diski baada ya diski za uongo. Gordy akanipa kibodi.

"Haya. Sema."

Nikaandika, Habari yako, Gordy. Nikabonyeza.

Sauti ikajaza chumba. Ilitoka kwenye spika zake kubwa mbili, safi, nene, kila herufi imeoshwa na kupigwa pasi. Ilikuwa yangu na haikuwa yangu. Ilikuwa kama mtu wa mtaani kwako aliyewekwa kwenye jeneza: ni yeye, wamemchana nywele vizuri mno.

"Umesikia hiyo?" Gordy akasema, amejaa furaha. "Nimetafuta dereva bora, programu ya kuendesha kadi ya sauti, jamaa wa Saskatchewan kaitengeneza mwenyewe. Haina kelele hata chembe!"

Nikatikisa kichwa.

"Nini?"

SIYO.

"Siyo vipi? Del, hii ndiyo sauti yenyewe, biti kwa biti! Ile uliyokuwa unasikia siku zote ilikuwa spika mbovu na kadi ya sauti ya bei chee. Ulikuwa unasikia ubovu!"

BASI NATAKA UBOVU.

Akanitazama. Nadhani alitaka kubisha, maana kwake yeye kufanya kitu kiwe kibaya kwa makusudi ni dhambi kubwa kuliko kukosa kanisa. Nikafuta kibao nikaandika tena, polepole: HATANIJUA HIVI.

Gordy akavua miwani, akaiweka mezani. "Sawa," akasema. "Sawa, ndugu yangu. Tuiharibu."

Tuliiharibu kwa bidii. Akaondoa dereva ya yule jamaa, akaweka ya zamani. Akashusha kasi. Nilimwonyesha kwa mkono, chini, chini, juu kidogo, kama zamani nilivyomwelekeza mtu anayerudisha lori kinyumenyume. Kutoka kwenye boksi la takataka za shule akatoa spika ndogo ya plastiki, ya ukubwa wa kopo la maharage, yenye ufa mbele. Akaichomeka. Nikaandika, nikabonyeza.

"Gordy, kahawa yako ni mbaya sana."

Bati. Debe. "S" inakwaruza. Gordy aligeuza uso upande wa maboksi akajifanya anatafuta waya, na mabega yake yakawa yanacheza.

"Ndiye," akasema hatimaye, bado kanipa mgongo. "Ndiye huyo mshenzi. Nilidhani umekufa, bwana."

Alihamishia ile kompyuta yote ya uongo kwenye mpakato wake mwenyewe, akanipa, hakutaka kusikia neno. Nikaenda nayo nyumbani. Niliiweka mezani jikoni, nikachomeka ile spika yenye ufa, nikaandika kwamba kahawa imeiva. Ilisema vizuri. Nyumba ilisikiliza tu. Nikaona ni upuuzi, nikaizima, nikaenda kuwasha sauna, chumba changu cha mvuke, ingawa haikuwa Jumamosi, siku yake, nikakaa mle mpaka mawe yakapoa.

Asubuhi nilinyoa. Nilivaa shati la flaneli ambalo Ardis alinichagulia. LaVonne, mhudumu wa ile nyumba ya wazee, mama mwenye kicheko cha kusikika mpaka maegesho, alinikuta naburuta begi.

"Mzee Ruona! Leo umehamisha duka la umeme?"

Nikamwonyesha kidole gumba.

"Ameamka vizuri. Amekula uji wote. Nenda, nenda, mpelekee."

Ardis alikuwa ameketi kitandani, nywele zimesukwa nyuma na mtu asiyejua anavyopenda. Alinitazama nikiingia, akanitolea tabasamu dogo la heshima, la kumpa mtu wa posta. Niliiweka spika kwenye kimeza karibu na mto wake ili asikie vizuri, nikavuta waya mpaka kwenye kiti changu cha dirishani, nikaweka mpakato magotini. Nikauwasha. Mawingu. Uwanja wa kijani-buluu. Programu.

"Ardis," spika ikasema. "Ni mimi."

Akageuka. Hakugeuka polepole kama mgonjwa. Aligeuka kama alivyokuwa anageuka zamani, kwa mwili mzima, taulo la vyombo begani.

"Del!"

Sikuona skrini tena, macho yalikuwa yamejaa. Niliandika kwa mazoea ya vidole.

"Niko hapa."

"Ulikuwa wapi wewe? Ulikuwa wapi? Nimekaa hapa na watu nisiowajua, wananilisha uji, sijui umelala wapi, sijui umekula nini!" Alikuwa anafoka, na sijapata kusikia kitu kitamu kama kufokewa kule. "Ulikuwa barabarani?"

"Theluji ilikuwa nyingi," nikaandika. "Nisamehe."

"Kila siku theluji. Kila siku greda." Akanyoosha mkono. Nikainuka nusu kitini ili niushike. Mkono ukapita, ukaenda kwenye kimeza, ukaishika ile spika ndogo na kuivuta kifuani. Akaikumbatia na blanketi lake.

Nikakaa chini.

Aliinamisha kichwa, midomo karibu na ule ufa, akashusha sauti kama mtu anayepiga umbea kanisani. "Del. Usiongee kwa nguvu. Kuna mzee humu."

Vidole vyangu vilikuwa juu ya kibodi.

"Anakuja kila siku. Anakaa pale dirishani, haongei. Mwanzoni nilimwogopa. Nilidhani mwizi." Akanitupia jicho la haraka, akaona namtazama, akarudi kwenye spika. "Del, upo?"

"Nipo," spika ikasema mikononi mwake.

"Siyo mwizi. Ananipaka mafuta mikononi. Anajua kunikunjia blanketi miguuni nisipate baridi. Nadhani hana mtu, maskini. Mtu mwenye mke hawezi kushinda hapa siku nzima." Akaisogeza spika karibu zaidi. "Usikasirike. Hajafanya jambo baya. Mimi ni mke wako na ninajua hivyo. Lakini nisingependa afukuzwe. Ukisema asije nitamwambia asije. Unasemaje?"

Kwenye skrini kishale kilikuwa kinawaka na kuzima, kinanisubiri, ndani ya kompyuta ambayo haikujua nje kuna nini. Ningeweza kuandika, Ardis, mzee huyo ni mimi. Niliiandika hata. Nikayatazama yale maneno. Nikamtazama na yeye, alivyoinamia ile spika, uso wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, mume wake amerudi, yupo kifuani pake. Nikafuta.

"Mwache aje," nikaandika. "Sina neno naye."

"Hutaona wivu?"

"Kidogo."

Akacheka. Alicheka kile kicheko cha sakafuni, cha kupiga zulia, ingawa sasa pumzi haikutosha akakohoa. "Wewe na wivu wako," akasema. Kisha akajifuta macho, akanyoosha shingo, akanigeukia mimi kule dirishani na kusema kwa adabu, kwa sauti ya kumsemesha mgeni, polepole na kwa nguvu kama wanavyofanya wote.

"Mume wangu anasema unaweza kuendelea kuja."

Nikainamisha kichwa kumshukuru.

"Ni mtu mwema. Hamjaonana, lakini mtapatana." Akanitazama kwa makini kidogo, kichwa upande. "Mimi naitwa Ardis. Wewe unaitwa nani, mzee?"

Vidole vilikuwa juu ya herufi. Jina langu ningeliandika nimefumba macho. Lakini sauti ilikuwa moja, alikuwa ameishika yeye, na ilikwisha kuwa na mwenyewe. Nikaondoa mikono kwenye kibodi, nikaiweka magotini, nikatikisa kichwa.

"Haidhuru," Ardis akasema. "Si lazima kila mtu aongee." Akarudi kwenye spika, akamsimulia mumewe habari zangu.